Picha Niliyompiga Mzee Lemayian

Kazi yangu pale Kitengela ni kupeleleza madai ya bima, na najiona mjanja sana. Mzee Lemayian alivunjwa mguu wa kushoto na lori, akadai gharama za hospitali na miezi sita ya mazoezi ya kutembea. Nikasema huyu anatudanganya.

Nikaenda Kajiado, nikajificha nyuma ya kichaka. Nikamwona mzee akichunga mbuzi, amesimama kwa mguu mmoja na kuegemea fimbo, kama wanavyopumzika wachungaji wa Kimaasai. Nikampiga picha nikicheka peke yangu.

Siku ya kikao cha madai yake, mzee mwenyewe akiwepo, nikamwekea bosi simu mezani. "Mgonjwa husimama hivi?"

Mzee akavaa miwani, akaitazama picha. "Kijana wangu, huo ulio chini ni wa kulia. Miaka arobaini nilisimama kwa wa kushoto. Kusimama kwa huu wa kulia nimefunzwa na daktari wa mazoezi, na uzee wote huu."

Bosi akanigeukia. "Hebu simama hivyo, nikitia sahihi malipo ya mzee."

Nikainua mguu. Kabla kalamu haijagusa karatasi nilikuwa sakafuni, na aliyeniinua ni Mzee Lemayian.