Vyura wa Stratford Wapata Makazi

Mwaka 2007, kabla matingatinga hayajaanza kuchimba kiwanja kimoja cha Stratford, huko ughaibuni, Mama Laurette wa Uvira alipewa mabuti ya mpira na ndoo. Kazi yake ilikuwa kuokota vyura wote mtaroni, awahamishie kwenye bwawa jipya wasije wakafukiwa. Aliwakaripia mmoja mmoja, maana waliruka nje ya ndoo kama watoto wanaokwepa kuogeshwa.

Yeye na wanawe watatu walibanana chumba kimoja, wakingoja nyumba ya kaunsili, halmashauri ya mtaa, kwa mwaka wa sita.

Siku ya mwisho msimamizi alikuja na daftari, akalitazama bwawa kwa huruma.

"Unaonaje, nafasi inawatosha? Wamezoea?"

Mama Laurette akatua ndoo.

"Andika inawatosha. Halafu fungua ukurasa mwingine, uniulize na mimi."