Shimo Chumbani kwa Mama

Mie nimetengeneza mabafu ya ndani katika nyumba za kila umri, Temeke mpaka Kinondoni, na halijanirudia hata moja likivuja. Shule niliishia darasa la tatu. Ufundi niliupata kwa kutazama mikono ya mtu aliyenifundisha, na baadaye waliosoma ndio walionifuata mie nyumbani, sikuwafuata wao.

Baada ya Uhuru wengi wetu tulikuwa bado tunaoga uani, ndani ya kiuzio cha makuti, umesimama juu ya mawe mawili. Kisha watu wakaanza kutaka kuogea ndani. Nyumba mpya haina taabu. Mwalimu mmoja wa Kinondoni alikuwa ndiyo kwanza anapandisha tofali, nikamwekea mteremko wa maji tangu kwenye msingi, kazi ikaisha kama mchezo. Kota za mkoloni ni habari nyingine. Karani mmoja alitaka bafu ndani ya kota yake na nikapiga tindo sakafu ile siku tatu, usiku meno yananiuma. Lakini mbaya kuliko zote ni nyumba ya udongo. Ukuta wa udongo ukinywa maji unalainika kwa chini, wewe huoni kitu, mpaka siku unalala chini wote.

Nyumba ya mama ilikuwa ya udongo. Baba, aliyekuwa kuli bandarini, aliijenga mwenyewe pale Temeke kabla ya Uhuru, vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma. Alipokufa tuliendelea kukaa humo: mama na mdogo wangu wa kike chumba cha nyuma, mie na mke wangu chumba cha mbele, vingine wapangaji.

Mama akapigwa na kiharusi, upande wa kulia. Mdomo ulipinda kidogo, maneno yalirudi, mguu haukurudi. Kila asubuhi mdogo wangu na mke wangu walimbeba kumpeleka kuoga uani, wanapita naye katikati ya wapangaji wanaokoroga uji. Siku moja kanga ikamdondoka njiani. Watu waligeuza nyuso, hakuna aliyecheka. Mama akarudishwa kitandani.

"Msinipeleke tena kule," alisema.

Tukawa tunamfuta kwa kitambaa. Yeye alikuwa mtu wa kuoga mara mbili kwa siku, hata mwaka wa shida ya maji. Baada ya wiki nikaona mswala wake umekunjwa juu ya sanduku na haushuki. Nikamuuliza.

"Siswali," alisema. "Nanuka. Nitasimamaje?"

Nikamwambia nitamtengenezea bafu mle mle chumbani, pembeni ya kitanda, asipitishwe tena mbele ya watu. Akasema sawa.

Kazi ya bafu huanza na shimo. Ndivyo nilivyozoea: unachimba, unapanga kokoto, saruji ikifika unamwaga. Nikachimba kwenye pembe ya chumba, futi nne kwa futi tatu, kina cha magoti, udongo nikautoa kwa karai. Nilimaliza kabla ya adhuhuri, nikanawa, nikaenda kula.

Saruji haikuwepo. Miaka ile mfuko wa saruji ulikuwa kwa kibali: unajiandikisha kwa balozi wa nyumba kumi, karatasi inakwenda tawini, inakwenda wilayani, unasubiri. Kule kwa mwalimu nilikuwa nalala na mifuko kumi na mbili ya watu. Mafundi wenzangu walikuwa wanajaza kopo wakitoka kazini, kopo moja kila siku, na nyumba zao zikawa na sakafu. Mie sikuchukua hata ya kuziba ufa. Kwa hiyo shimo likakaa wazi chumbani kwa mama wiki saba.

Kwetu mtu akifa huoshwa ndani ya nyumba. Chumbani linachimbwa shimo, tunaliita ufuo. Maiti analazwa juu ya kitanda cha kamba, maji ya kumwosha yanadondokea mle, na wakimaliza linafukiwa na maji yake. Ufuo wa baba nilichimba mie, kwa jembe lile lile, ndani ya chumba kile kile. Mtu ataniuliza, hukukumbuka? Sikukumbuka. Nilikuwa nafikiria mteremko.

Mdogo wangu alikumbuka.

"Kaka, shimo hilo litafunikwa lini?"

"Saruji ikija."

"Na isipokuja?"

"Itakuja."

"Mama halali. Anageukia ukutani usiku kucha."

"Mwambie ni bafu."

"Kamwambie wewe. Mie nimechoka kumwambia."

Aliyeharibu kabisa ni mtani wetu. Alikuwa mtu wa bara, muuza mkaa wa mtaa wa pili, na kabila lake na letu ni watani, kwa hiyo hata msibani hakatazwi kitu. Alikuja kumjulia hali mama, akaona shimo, akavua ndara akaingia akaketi mle.

"Mke wangu," alimwambia mama, "naona umeshaandaliwa. Mie sitoki humu mpaka nipewe jogoo na kanga mpya."

"Toka, mchafu we," mama alisema. "Utalijaza mkaa."

"Nilijaze mara ngapi? Shimo nimelikuta tupu, mwenyewe yuko kitandani anapiga soga. Uvivu gani huu? Watu wana shughuli zao."

"Tangulia wewe. Nitakuja nikupikie."

Tulicheka wote. Mama alicheka na nusu ya mdomo mpaka machozi yakamtoka. Mtani akapewa chai, akaenda zake. Mama akaniita nisogee.

"Lile shimo ni la nini?"

"La bafu, mama. Nilikwambia."

"Uliniambia. Mie shimo ndani ya chumba nimeliona mara nyingi, baba. Sijaona mtu mzima wa afya analiogea. Nihamishe."

Nikamhamisha. Hakukuwa na chumba kitupu, nikaweka kitanda chake ukumbini, wanapopita wapangaji wote na ndoo zao. Alikuwa amejificha asionekane na watu, sasa kila anayekwenda chooni anamwambia shikamoo. Alikuwa anaitikia marahaba huku kajifunika kanga usoni. Hilo nilifanya mie, na sikumwomba mtu radhi. Nilikwenda kazini, nikarudi, nikala.

Kibali kilitoka, mifuko miwili. Nilifanya kazi ile peke yangu siku nne. Kuta mbili za pembe ile nilizipigilia wavu wa kuku mpaka kifuani, maana plasta haishiki kwenye udongo mtupu, kisha nikapiga plasta. Chini nilipanga kokoto, nikamwaga zege, nikalipa mteremko kuelekea ukuta wa nje, nikapitisha bomba kuukuu la chuma chini ya ukuta mpaka nje, ubavuni mwa nyumba, na kule nikachimba shimo la kupokea maji, mbali na ukuta. Juu nikapiga niru, saruji tupu ya kulainisha, ikang'aa. Nikaitandikia magunia yaliyolowa siku saba ipate kukomaa. Mpaka leo sijapiga niru nzuri kama ile.

Nikamwambia mama tayari.

"Siingii."

"Shimo halipo tena. Njoo uone."

"Mmelifunika. Kulifunika si kuliondoa."

"Mwache, kaka," mdogo wangu alisema. "Mwache, utamwua kwa maneno."

Ningependa kusema niliumia, lakini sikusikia kitu, nilikuwa kama mtu aliyekalia mguu wake ukafa ganzi. Niliona bomba tu. Asubuhi nikambeba mama na kiti chake, nikazunguka naye mpaka ubavuni mwa nyumba, ambako hakupiti mtu, nikamweka mbele ya bomba.

"Kaa hapa utazame hiyo."

Nikaingia ndani, nikamwaga ndoo nzima kwenye niru. Nikatoka.

"Umeona?"

"Maji yametoka."

"Yote?"

"Nitajuaje yote? Mwaga tena."

Nikamwaga tena. Akasema nimwage tena. Mdogo wangu akatokea na ndoo tupu mkononi.

"Foleni ya maji nakaa mie, nyie mnacheza."

"Kachote," mama alimwambia, bila kumtazama. Macho yalikuwa kwenye bomba, kwa sababu ndoo ya tatu ilikuwa bado inadondoka. Ikadondoka mpaka ikakoma. Akanyoosha mkono wake mzima akagusa mdomo wa bomba.

"Ya baba yako hayakutoka," alisema.

"Hapana. Yalifukiwa mle."

"Haya yanatoka."

"Yanatoka."

Akaufuta mkono kwenye kanga.

"Nirudishe. Mwambie mdogo wako atafute sabuni."

Sabuni ilikuwa ya foleni siku hizo, mke wangu akaazima kipande kwa mpangaji. Kesho yake alfajiri mdogo wangu akamwingiza mama, akamkalisha kwenye kigoda. Mtoto wa kiume haingii mle, kwa hiyo mie nilikwenda ubavuni mwa nyumba nikasimama penye bomba, nione kama kazi yangu inapitisha. Maji ya kwanza yalitoka na mchanga. Kisha yakaja meupe ya povu, mengi, muda mrefu, kisha masafi. Nikamsikia mdogo wangu anasema, "Mama, ndoo imekwisha," na mama akasema, "Ongeza nyingine."

Bomba likanyamaza. Nikadhani wamemaliza. Halafu maji yakaja kidogo, yakakatika. Yakaja kidogo, yakakatika. Mara tatu, kisha kimya, kisha mara tatu tena. Nikajua anatia udhu.

Sikungoja yaishe. Nilikuwa na sakafu ya watu Keko, nikaokota mwiko nikaenda.