Anayeli na Chumba cha Vioo

Mjukuu wangu Anayeli Velasco alivuka mpaka akiwa na miaka mitatu, amelala ndani ya gunia la pilipili kavu, na hakupiga chafya hata moja. Mama yake anasema hapakuwa na gunia, mtoto alibebwa mgongoni kama wengine. Mama yake alikuwa analia njia nzima, angeona nini? Mimi niliyetangulia ndiye ninayejua. Nyoka wa jangwani walisogea pembeni wakatupisha, na mmoja wao, mkubwa kama bomba la kumwagilia, aliinamisha kichwa.

Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba mtoto yule alizaliwa mwoga. Woga alifundishwa, kama tunavyowafundisha watoto wetu wote hapa Madera, ng'ambo hii ya mpaka: usifungue mlango kabla hujachungulia, usiseme baba anafanya kazi wapi, na gari la uhamiaji likipita usikimbie, maana anayekimbia ndiye anayefukuzwa. Alipofika darasa la pili alikuwa anatembea polepole kuliko bibi harusi.

Kila Agosti tulikuwa naye shambani. Tulikata zabibu na kuzitandaza juu ya karatasi kati ya mistari ya mizabibu ili zikauke. Mwaka aliomaliza sekondari jua lilikuwa kali mpaka kunguru walitembea kwa miguu, wanaogopa kuruka wasije wakaungua. Hapo ndipo alipoambiwa kwamba chuo kimemkubali. Alikaa chini kwenye vumbi na kisu chake cha kukatia zabibu mkononi, akacheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kama ni jua limempanda kichwani.

Jimbo letu lina msaada wa karo kwa watoto waliosoma shule za hapa, hata kama hawana makaratasi ya kuishi nchini. Hilo kila mtu analijua. Kisichojulikana ni nani kati ya watoto ndiye hana, na hatupendi kijulikane.

Sasa chuo kikajenga chumba maalumu kwa ajili ya watoto hao. Kilikuwa na mshauri wa kuwasaidia kuomba msaada, mwanasheria kila Alhamisi, na kahawa ya bure. Wakakiweka njiani kabisa, pale wanafunzi wote wanapopita kwenda kula, wakakijenga kwa vioo kuanzia sakafuni mpaka darini, na juu ya mlango wakaandika kwa herufi kubwa za rangi ya chungwa kwamba hiki ni chumba cha wanafunzi wasio na makaratasi. Aliyekichora alisema watoto hawa wamekaa gizani vya kutosha. Mtu mwema sana. Maisha yake yote hajawahi kujificha hata mvua.

Nani angeingia? Anayeli alikuwa anapita pale kila siku. Alikuwa anasimama mbele ya tangazo la kuchangia damu lililobandikwa ukuta wa pili, anajifanya anasoma, huku anachungulia ndani kwa pembe ya jicho. Mshauri, Bi Graciela, mwanamke mnene mwenye sauti ya muuza samaki, alikaa peke yake mle ndani kama keki dirishani. Siku moja alitoka akaja kusimama karibu naye.

"Binti, mwezi mzima unasoma tangazo hilo. Umeshalikariri?"

"Nina damu nyingi, Bi Graciela."

"Naona. Basi gari langu ni lile la bluu nyuma ya mkahawa, lenye mlango uliofungwa kwa kamba. Saa saba huwa nakula humo. Mtu akija kunisalimia sitamfukuza."

Hivyo ndivyo mjukuu wangu alivyopata msaada wake wa karo: kwenye kiti cha mbele cha gari linalonuka vitunguu. Si yeye peke yake. Watoto walikuwa wanajipanga nyuma ya mapipa ya taka wakisubiri zamu, kila mmoja na kisingizio chake. Ukiwauliza, wote walikuwa wanatafuta paka aliyepotea. Kwa idadi ya paka waliopotea pale, chuo kizima kingekuwa hakina panya hata wa dawa.

Lakini msaada unaombwa upya kila mwaka, na wanaoingia garini hakuna anayewahesabu. Ilipofika masika, mkuu wa huduma za wanafunzi, Bwana Hoffner, alimweka mtu mlangoni na kile kidude cha kuhesabia, cha kubonyeza kila anapopita mtu. Kidude hakikubonyezwa. Bwana Hoffner akatangaza kwamba chumba hakina watu na muhula ukiisha kitafungwa, na Bi Graciela ataondoka nacho. Mwenye shida atapiga simu.

Anayeli alikuja nyumbani akaingia jikoni bila kusalimia, akaanza kukanda unga wangu wa mahindi. Aliupiga ngumi.

"Unga huo umekukosea nini?" nikamuuliza.

"Wanafunga chumba, bibi. Wanasema hatupo."

"Si ndivyo mlivyotaka? Mlijificha, mmejificha vizuri. Hongereni."

"Bibi, usinichokoze. Bi Graciela akiondoka, mwakani msaada wa karo nitauombea wapi? Na binti wa shangazi Macrina anayeanza Agosti? Atapiga simu? Yule hata piza anaogopa kuagiza."

"Ingia wewe basi, wakuhesabu."

"Nikiingia peke yangu, chuo kizima kitajua."

"Na usipoingia peke yako?"

Akaacha kukanda. Akanitazama vile anavyonitazama ninapoanza habari za nyoka, halafu taratibu uso ukabadilika.

Sisi watu wa milima ya Oaxaca, kule tulikotoka kabla ya mpaka, tuna tekio. Kijiji kikiwa na kazi, kila nyumba inatoa mtu mmoja, bila malipo, na asiyetoa atajua siku ya msiba wake nani atakayembebea jeneza. Tulikuja nayo huku pamoja na masufuria. Jumapili Anayeli akaenda mbele ya kamati ya mtaa wetu wa nyumba za magurudumu, akaomba tekio. Mzee Abundio, mwenyekiti, alikaribia kumeza meno yake.

"Tekio ni ya kuchimba mtaro! Ni ya kupaka kanisa rangi! Tangu lini tekio ikawa kwenda kukaa ndani ya vioo?"

"Kazi ni kuingia mlangoni, mzee," Anayeli akasema. "Kama unaona ni nyepesi, tangulia."

Watu wakacheka. Mzee Abundio hakucheka. "We mtoto, nusu ya watu hapa hawana makaratasi. Unataka kutupanga dirishani kama mikate?"

"Na nusu wanayo. Mwanao Rogelio kazaliwa hospitali ya hapa hapa. Twendeni wote, tuchanganyike. Mtu akisimama nje ya kile kioo atajua nani ni nani? Sheria ya chuo inamkataza mtu kuuliza. Wanaweza kuhesabu tu. Asiyetaka kwenda, sitamlaumu. Lakini mimi naingia, hata nikiingia na bibi yangu tu."

"Mimi nishavaa," nikasema.

Mzee Abundio akavuta pumzi kama anayetaka kupiga mbizi. "Nani anapika?" akauliza, na hapo nikajua tumeshinda.

Siku ile Anayeli alikuwa mbele. Alivaa blauzi nyekundu, na hakutembea polepole. Aliupita ule ukuta wa tangazo la damu bila kulitazama, akashika mpini, akaufungua mlango wote mpaka ukagonga ukuta. Mwenye kidude akabonyeza. Nyuma yake mimi na sufuria la tamali, yale madonge ya unga wa mahindi yaliyofungwa majani. Nyuma yangu Mzee Abundio na kofia yake ya harusi, shangazi Macrina, wakata zabibu, watoto wachanga, padri, bendi ya mtaa na tuba lao, lile tarumbeta kubwa kuliko mpigaji. Harufu ya tamali ikatoka mlangoni ikaenda kuwashika wanafunzi njiani kwa pua: wale wa muziki, wale wa kilimo, wachezaji wa mpira wenye shingo kama mashina. Waliingia. Na katikati yao, kila mmoja na sahani yake, wakaingia watafuta paka wote. Kidude kiliwaka moto. Mwenye nacho alikimbia akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji, na maji yakachemka, tukayapikia kahawa.

Bwana Hoffner akaja mbio. "Hawa wote ni nani?" akauliza. "Ni wangapi hapa ambao ni… ambao chumba hiki ni chao?"

Mimi nikainua mkono. "Mimi nataka kusomea udaktari."

Anayeli akapanda juu ya kiti. "Bwana Hoffner, hilo huruhusiwi kuuliza, na sisi hatujibu. Ulisema utafunga chumba kwa sababu hakina watu. Ulitaka kuhesabu." Akanyoosha mkono kuzunguka chumba chote. "Hesabu."

Hakuhesabu. Angeanzia wapi? Alisimama pale, sahani ikamfikia mkononi sijui kutoka kwa nani, akala. Juma lililofuata akaandika kwamba chumba kinabaki na Bi Graciela anabaki. Akajitolea pia kuweka mapazia.

"Mapazia weka ofisini kwako," Anayeli akamwambia. "Sisi mwanga tumeuzoea."

Sasa meza ya Anayeli iko pale pale kwenye kioo, na binti wa Macrina hukaa kando yake. Wachezaji wa mpira hawajaacha kuja, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba sherehe ilikwisha, nami kila Alhamisi napeleka sufuria la tamali ili wasishtuke. Bwana Hoffner naye huja. Anapenda zenye pilipili. Anapoingia, wapita njia humkodolea macho kupitia kioo, nami huwaambia kwa sauti:

"Huyu tulimvusha ndani ya gunia."