Birika Halikula Mipaka ya Rukanga

Kosa ni langu. Naanza hapo ili nisipate pa kukwepea tena. Si la stima, si la birika la chai, na si la yule dada anayesemwa Rukanga nzima. Ni langu mimi, na nimelinyamazia miezi mitano.

Mwenzangu unayesoma, nisikilize kwanza, halafu unihukumu.

Mimi ni kijana wa milimani, Werugha, kwenye ukungu na kabichi. Chuo sikwenda. Kompyuta nilijifundisha mwenyewe kwa video za simu, nikikaa juu ya jiwe nyuma ya zizi la ng'ombe kwa sababu hapo ndipo mtandao uliposhika. Labda ndiyo maana nina ugonjwa huu: siwezi kuvumilia kukosolewa. Waya zangu nazipanga kwa rangi. Barua pepe ya mistari mitatu naisoma mara sita kabla ya kuituma. Mtu asiye na cheti haruhusiwi kukosea, ndivyo nilivyojiambia.

Nikapata kazi Voi, kwa mpima ardhi mmoja. Tulikuwa watatu tu: bosi, ambaye sote tulimwita Mzee, mimi, na dada mmoja nitakayemwita Mkamburi, ingawa si jina lake. Yeye ndiye aliyekwenda mashambani na kifaa cha kupimia. Kwao ni Rukanga, chini ya mlima Kasigau, na kazi yetu kubwa ilikuwa ya huko huko kwao: kupima mashamba ya familia za upande mmoja wa kijiji ili zipate hati.

Mkamburi alinichukua kama mdogo wake. Na kunitania hakuchoka. "Wewe fundi, hizo waya unazisuka nywele? Masikini utakayemwoa, utampanga kabatini na sufuria!"

Mipaka ya Rukanga aliitembea siku nne, akiongozwa na mzee mmoja wa pale aliyekuwa amebaki peke yake kujua kila jiwe la mpaka. Mzee mwenyewe mkali. Mkamburi aliporudi alituigizia, mkono mmoja kiunoni, mwingine kwenye mkongojo wa kujifanya: "Andika na hilo! Hilo lilinivunja kidole nikiwa kijana. Unaandika ama unacheza na simu?" Tulicheka mpaka Mzee akavua miwani.

Baadaye ndovu wakashuka, wakakanyaga karibu ua wote wa minyaa uliotenganisha yale mashamba. Baada ya mavuno yule mzee mkali akafariki. Tulisikitika, lakini wasiwasi hatukuwa nao. Mipaka ilikuwa kwetu, ndani ya diski. Kifaa cha Mkamburi kilikuwa kimeshafutwa ili kibebe kazi nyingine.

Sasa nieleze nilichofanya.

Ofisini kuna kompyuta moja kubwa. Ndani yake niliunda mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na mwili wake, inayoazima akili na nguvu za ile kubwa. Ramani zote zilifanyiwa kazi humo. Mashine hiyo inaamini ina diski yake, kama mimi na wewe tunavyoamini nyumba ni yetu. Kumbe diski iko nje, kwenye sanduku la diski lililowekwa pembeni na kuunganishwa kwa waya. Kila mashine inapohifadhi kitu, agizo linapita kwenye waya mpaka sandukuni: weka hiki mahali namba fulani. Sanduku linaweka. Haliulizi wewe ni nani, wala haliulizi kama mahali hapo pana mwenyewe.

Kulikuwa na siku mashine iliganda, na mteja amesimama mezani. Mzee akaniita mbele yake: "Fundi, ramani haifunguki. Sasa mimi nimwimbie mgeni?"

Mteja akacheka. Mimi niliungua! Neno dogo kama hilo lilinikaa kifuani wiki nzima. Nikaapa haitatokea tena. Nitaunda mashine pepe ya pili, iwe macho wakati wote, ya kwanza ikianguka hii inashika kazi. Na ili zote mbili ziwe na ramani zile zile, nikaipa ya pili diski ile ile ya ya kwanza.

Skrini ilinionya, jamani. Ilinionya waziwazi! Iliandika kwamba diski hii tayari inatumiwa na mashine nyingine. Lakini nilikuwa nimeona kwenye video jamaa mmoja akilipita onyo hilo kwa kuweka alama ya tiki. Na mimi nikaweka tiki.

Dakika kumi za video hiyo nilikuwa nimeziruka. Humo ndimo alimoeleza kwamba kabla ya mashine mbili kuandika kwenye diski moja, lazima kwanza iwekwe programu ya kuzipatanisha, ya kuifanya moja ingoje wakati nyingine inaandika. Bila hiyo, kila mashine hushika kichwani orodha yake ya sehemu zilizojaa na sehemu zilizo tupu. Ya kwanza ikijaza sehemu, ya pili haina habari. Kwenye orodha yake pale bado ni patupu, basi inaandika papo hapo, juu ya kazi ya mwenzake. Ni kama watu wawili wanaolima shamba moja wasionane hata siku moja. Huyu anapanda kunde leo, yule kesho anaona udongo mtupu, anapitisha jembe.

Ubaya ni kwamba sikuona kitu. Kila mashine ilikuwa ikijisomea kumbukumbu zake yenyewe, na zilionekana sawa kabisa. Siku zikapita. Nikatembea Voi kifua mbele.

Tena nikaongeza ujinga juu ya ujinga. Mzee alikuwa na desturi ya kila Ijumaa kunakili kazi zote kwenye diski ndogo ya mkononi, kuitia ndani ya soksi, na kwenda nayo nyumbani. Soksi! Nilimwona mtu wa zamani. Nikamwambia, "Mzee, hiyo ya soksi pumzisha. Siku hizi tuna mashine mbili." Akaniamini. Ile diski nikaifuta, nikaijaza programu zangu.

Asubuhi ya Jumanne moja Mkamburi alichomeka birika la umeme kwenye soketi ya upande wa kompyuta. Stima ikakatika ofisi nzima. Iliporudi, mashine zote mbili ziliwaka upya. Na mashine ikiwaka upya, husahau ya kichwani, inakwenda kusoma kilichoko kwenye diski kweli.

Nikafungua faili la Rukanga. Nusu yake ilikuwa herufi zisizosomeka. Nusu ilikuwa barua ya mteja wa Kishushe.

Nikaendesha programu ya kurekebisha diski bila kuuliza mtu. Ikarekebisha kwa kukata kila isichokielewa. Ilipomaliza, mpaka hata mmoja wa Rukanga haukubaki.

Mzee alikuja akasimama nyuma ya kiti changu. Hakupiga kelele. "Nani amechomeka birika hapa?"

"Ni mimi, Mzee," Mkamburi akasema. "Soketi ya jikoni imekufa tangu jana."

Mzee akanigeukia. "Fundi. Birika linaweza kufanya hivi?"

Mwenzangu, nilikuwa najua! Kwenye skrini mbele yangu ilikuwepo kumbukumbu ya mashine, orodha inayojiandika yenyewe ya kila kinachotokea. Makosa ya diski yalianza siku nne kabla ya birika kuguswa. Birika halikuharibu chochote, lilinifichua tu. Nilichotakiwa kusema ni "Hapana, Mzee, ni mimi." Maneno manne.

Nikasema, "Inawezekana."

Neno moja, tena la adabu. Mkamburi aliachishwa kazi siku hiyo hiyo. Alipokuwa akikusanya vitu vyake alinipitia mezani, akanishika bega. "Pole, fundi. Nimekuharibia kazi yako nzuri."

Akaondoka na lile birika lake kwapani.

Mimi nikabaki. Mzee akaninunulia kufuli la kuziba soketi, akanisifu mbele ya wateja kwamba sasa mambo ni salama.

Wiki chache baadaye Mkamburi alinipigia. "Fundi, niambie ukweli tu, mimi sitakasirika. Birika linaweza kula faili zote vile?"

Nikamjibu, "Stima ni stima, dada."

Huo ulikuwa uongo wa pili, na ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu alikuwa amenifungulia mlango kabisa.

Huko Rukanga mambo yameharibika. Ua hakuna, mzee wa mawe hayupo, na majirani wawili waliopanda pamoja miaka yote sasa wanang'oleana mahindi. Kila mmoja ana mpaka wake kichwani. Na wote wawili wamekubaliana jambo moja tu: Mkamburi aliiuza mipaka kwa watu wanaotafuta madini, ndipo akasingizia birika. Kisimani wanawake wanahamisha mitungi yao akifika. Mama yake mzazi amemuuliza, "Mwanangu, walikupa nini?"

Jumapili alinipigia tena. Sauti yake sikuijua, imekuwa ya mtu mzee.

"Ijumaa kuna baraza kwa chifu. Nakuomba uje, fundi. Uwaambie ni birika. Mimi hawaniamini. Wewe ni mtaalamu, watakusikia."

Ole wangu! Ananiomba nikamwokoe kwa uongo ule ule niliomzamisha nao.

Leo ni Jumatano. Asubuhi nilimpelekea Mzee ile kumbukumbu ya mashine, niliyoichapisha kwenye karatasi siku ile ya birika na kuificha chini ya trei ya printa. Aliisoma yote. Akavua miwani, akaniuliza, "Na huyo binti ulimwacha aende?" Amenielekeza mlango, na hata mimi ningefanya hivyo. Lakini karatasi alinirudishia. "Hiyo si yangu," alisema. "Ipeleke inakohitajika."

Wewe unayejifunza peke yako kwa simu kama mimi, usiweke tiki juu ya onyo usilolielewa. Usiipe mashine ya pili diski yenye mwenyewe. Na ukimwona mzee ana soksi yake, mwachie soksi yake! Lakini hayo ni ya kompyuta, na ya kompyuta ni madogo. Kubwa ni hili: ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kosa lingali lako peke yako. Ukilala nalo, utaamka umeshamtwika mwingine.

Kusema haya hakuirudishi mipaka. Hilo nalijua. Watapima upya, watagombana, na shamba la mtu litapungua kwa sababu yangu. Ninachoweza kurudisha ni jina la mtu mmoja.

Ijumaa natoka na gari la kwanza la Rukanga. Nimekuwa nikiandika nitakachosema mbele ya chifu na wazee na mama yake Mkamburi. Unajua ugonjwa wangu. Nimeandika, nimefuta, nimenyoosha, nimepamba, nimeeleza mashine pepe na sanduku na waya. Yote nimeyachana. Nimebakiza maneno ya kuanzia tu, ili hata nikitetemeka niweze kuyatoa:

Si birika. Ni mimi.