Shimo la Kidimu

Nilipokuwa na miaka tisa, kuku mmoja alinikamata na uongo wangu, na mpaka leo sijaweza kumchukia.

Tulikuwa tumepanga sehemu ya chini ya nyumba ya Anti Filomena, kule Etobicoke, ughaibuni, ile ambayo nusu yake imezama ardhini na madirisha yake yako usawa wa nyasi. Anti alikuwa Mgoa wa Nairobi, mstaafu, mtu wa misa kila asubuhi, na katika mtaa mzima ndiye pekee ambaye Bibi aliweza kupiga naye soga. Bibi, mama yake baba, aliletwa kutoka Korogwe anilee wazazi wangu wakiwa kazini. Mwaka wa kwanza alishinda dirishani akitazama miguu ya wapita njia na kuuliza lini atarudishwa kwao. Baba akaona isiwe tabu. Akamwomba Anti kipande cha uwanja nyuma ya nyumba, akaleta kuku wanne kutoka kwa mkulima wa nje ya mji. Sheria za jiji zilisema nini kuhusu kuku, nadhani hakuna aliyetaka kuuliza.

Watatu walikuwa kuku wa kawaida. Wa nne manyoya yake yalipinda kuelekea mbele, yamesimama yote, kama mtu aliyekoswakoswa na gari. Mkulima alimtoa bure, na mimi nilimwonea aibu. Bibi alipomwona alipiga kigelegele ambacho sikuwa nimekisikia tangu afike.

"Kidimu," alisema. "Mmeniletea kidimu."

Kwa imani ya kwao, kuku wa namna hiyo ni mlinzi. Mtu akikufukia kitu kibaya uani kwako, kidimu atakifukua. Ndiyo maana shimo lake haliguswi. "Ukilifukia," Bibi aliniambia, "umeficha ubaya nyumbani kwako mwenyewe, na kidimu ataurudia tu."

Nilimjibu kwa Kiingereza kwamba huyo ni kuku tu. Bibi akaniambia niseme lugha ambayo kuku ataielewa.

Tangu siku hiyo aliacha kuzungumzia safari. Alimfanya Baba abomoe upande mzima wa banda la mabati alilokuwa amelijenga na aweke waya, ili upepo upite. Kila asubuhi alibadilisha maji na kuisogeza sufuria yao kivulini. Kidimu naye alichimba chini ya mawaridi ya Anti, akalala humo tumbo chini na kujirushia udongo.

Basi jioni moja Anti akasimama kwenye ngazi. "Mama, hii kuku yako inamaliza maua yangu," alisema. "Nikiona shimo ingine, itabidi hizi kuku zitoke."

Huenda alikuwa akitania. Mimi niliyachukua maneno yale jinsi yalivyo. Kuku wakiondoka, nilijua Bibi naye ataondoka. Kesho yake, Bibi alipojilaza baada ya chakula cha mchana, nilifukia shimo, nikapanga juu yake vigae vya saruji vilivyobaki Anti alipotengeneza njia. Niliiona kazi yangu nikajisifu kimoyomoyo.

Siku mbili baadaye joto likaja, lile la Julai linalokaa juu ya jiji kama mfuniko. Bibi alikuwa amepelekwa kliniki na Mama. Niliwaona kuku wakizungukazunguka vile vigae, wakivigonga kwa midomo, kisha wakarudi bandani. Sikuelewa walichokuwa wakitafuta. Bibi aliporudi, kuku mmoja alikuwa ameshakufa na wawili wanahema midomo wazi, mabawa wameyaachia. Kidimu peke yake ndiye aliyekuwa bado anatembea.

 Bibi alitumbukiza miguu ya kuku katika beseni la maji, akanituma chupa za maji zilizoganda, akatundika kanga mbichi kwenye waya na kuacha nafasi ya upepo. Kisha akaviona vile vigae.

"Nani kafukia?"

"Anti," nilisema.

Neno moja tu. Kuku wale wawili walipona, lakini Bibi akaacha kumsalimu Anti. Anti aliposhuka na birika la chai, Bibi alisema kichwa kinamuuma. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya nne nilimkuta akikunja nguo zake, na usiku huo alimwomba Baba amkatie tiketi. Kila nilichokiogopa nilikuwa nimekileta kwa mdomo wangu mwenyewe, na bado sikusema.

Aliyesema ni kidimu. Bibi alikuwa ameshaondoa vigae, na kuku yule akarudi pale pale, akachimba kwenda chini zaidi ya mara ya kwanza. Alirusha juu shanga tatu, mbili za buluu na moja nyeupe. Nilipokuwa nikifukia, msuko mmoja wa nywele zangu ulikuwa umelegea, na sikujua kwamba shanga zake zimedondoka. Bibi alizijua, kwa kuwa ndiye aliyenisuka.

Alizifuta kwa ncha ya kanga, akaniita. "Kidimu amefukua," alisema, akaninyooshea kiganja.

Nililia mpaka nikapata kwikwi. Nilimwambia niliogopa kuku wakifukuzwa atarudi Korogwe. Akasema, "Kumbe ulikuwa unanificha mimi, nisiondoke." Halafu akanishika mkono tukapanda juu kwa Anti.

Ilibidi niseme mwenyewe, tena kwa Kiswahili, mimi niliyekuwa nikielewa kila kitu na kujibu kwa Kiingereza. "Anti, mimi ndiye niliyefukia shimo, nikakusingizia."

Anti akakaa kwenye ngazi. "Na mimi nilidhani Mama amechoka na mimi," alisema. Bibi akamwomba radhi. Chai ikachemshwa. Ile kona ya mawaridi ikawa ya kuku kuanzia siku hiyo, na tiketi haikukatwa.

Nikiwa mtu mzima nimesoma kwamba manyoya yaliyopinda hutoa joto mwilini upesi, na kwamba kuku huchimba kuufikia udongo wa baridi. Kwa hiyo mwiko wa Bibi ulikuwa na akili zake, na mimi niliufukia pamoja na shimo. Yule kuku aliyekufa bado ninamkumbuka kila joto linapopanda. Kuhusu shanga alizozifukua, sijasoma popote maelezo yake, na siyatafuti.

Bibi aliishi nasi miaka kumi na mmoja zaidi. Kiswahili ninachoandikia hapa ni chake, nilikipata nikiwa nimechuchumaa bandani pembeni yake, na ninamshukuru kwa kila neno. Ila ninachomshukuru zaidi ni Jumapili ile iliyofuata. Alinikalisha katikati ya magoti yake, akanisuka upya, na alipofika mbele akazitia zile shanga tatu, pale ambapo ningeziona kila nikijitazama kwenye kioo. Hakunikumbusha kosa langu tena, siku ile wala siku nyingine yoyote.