Maji ya Hori Ndani ya Rejeta

Siku moja hainitoki moyoni, mwanangu, na nashukuru ilinikuta ningali kijana. Ilikuwa miaka ya vita vile vikubwa. Meli zilileta askari na silaha, si vipuri. Gari jipya hulioni, petroli ya kupimiwa. Rejeta ya lori ikifa, fundi hutafuta nyingine kwenye gari bovu, akailehemu, akaifunga.

Fundi wetu pale Changamwe alikuwa Mzee Kazungu, Mrabai mpole. Mimi nilikuwa dereva. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, nami, mkubwa wa watatu, niliacha shule mapema ili Sidi na Charo wasome. Kazi ile ndiyo iliyokuwa baba na mama yetu.

Mzee alinifungia rejeta, na mipira ya maji, na mkanda wa feni, akaniusia: "Katana, kila safari chukua debe la maji matamu. Rejeta hii haina dada."

Nikaitika. Lakini siku moja, mahali pa debe niliweka gunia la makaa la jirani. Natoka Mwakirunge na mzigo wa mawe, lori likachemka. Kisima kilikuwa mbali, hori, ule mkono wa bahari, liko hapo chini. Uvivu ukanishika. Nikateka maji ya hori, nikajaza, lori likapoa, likaenda. Nikajiona mjanja, wala sikumwambia mtu.

Baada ya wiki chache rejeta ikavuja kila kiungo. Madereva wenzangu wakacheka: "Katana, lori lako linalia, limefiwa na nani?" Tajiri, mwenye malori, hakucheka. Alimjia juu Mzee Kazungu mbele ya watu wote.

"Lehemu gani hii? Mikono imezeeka. Kesho usije!"

Mzee aliinamia rejeta. Alipitisha kidole kwenye ukoko mweupe wa rejeta, akakilamba. Kisha akanitazama. Alijua.

Nikawafikiria Sidi na Charo. Nikisema, watakula nini? Nisiposema, mzee wa watu anafukuzwa kwa kosa langu. Nikapiga hatua mbele, mwanangu, nikasema: "Tajiri, si lehemu. Mimi nilitia maji ya bahari."

"Basi ondoka wewe!"

"Tajiri, ngoja," akasema mzee. "Amesema kweli mbele za watu. Lori mnyang'anye, lakini yeye niachie mimi. Ataitengeneza rejeta hii kwa mikono yake."

Tajiri akanung'unika, akakubali.

Tulipobaki wawili ndipo mzee akanikaripia. "Unadhani nimeudhiwa na chumvi? Hata mimi nimewahi kuitia. Lakini nilirudi siku ile ile, tukamwaga, tukasuuza kwa maji matamu mara tatu, rejeta ikaishi. Wewe kila asubuhi shikamoo mzee, shikamoo mzee, na huku chumvi inakula!"

"Niliogopa, mzee."

"Ungeogopa ukaja siku ya kwanza, ungepata makofi mawili tu, tukaendelea na kazi."

Basi nikashika lehemu, na kwa mikono yake nikawa fundi. Vita vilipokwisha, rejeta mpya zikaanza kuja melini, nami nilizifunga nyingi. Sidi alisoma, Charo alisoma. Kila nikiwaona namwombea Mzee Kazungu rehema, maana siku ile angeweza kuniacha niende.

Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Kukosea utakosea, sisi sote ni binadamu. Ila kosa lako lipeleke kwa mwenye kujua siku hiyo hiyo, lingali la kusuuzwa. Usingoje hata mwingine ashikwe kwa ajili yako. Nawe ukiwa mkubwa, mtu akikujia na kosa lake mkononi, mkaripie, kisha mpe kazi.

Mungu akupe moyo wa kukiri mapema, akukutanishe na watu wa kukusimamia, na wanaokutegemea wasilale njaa. Amina.