Sambaza ya Jirani Ilianguka Kwangu

Nilikosa, na sina mutu wa kusingizia. Upepo ilileta tu. Mwenye kupika ni mimi.

Hapa Bukavu tunajengaka ku mulima. Jirani wangu, nimuite Maman Furaha maana jina yake siwezi kuitaja, alikuwa anakaa juu, mimi chini. Alikuwa anauzisha sambaza, vile visamaki vyetu vya ziwa. Kila samedi, mwisho wa juma, tulikuwa tunasukana nywele.

Mwaka jana, saa nane ya muchana, upepo ya kuzunguka ilipita. Weh! Ilibeba manjanja, yale mabati ya nyumba, ndoo, hata soutien, sidiria ya mutu. Iliponyamaza, mu lupango yangu, mbele ya nyumba, mulikuwa bashi ya bleu, turubai ya kuanikia, imekunjamana, sambaza nusu-kavu zimejaa ndani.

Hiyo bashi niliijua, ni ya Maman Furaha. Mimi mwenyewe njo nilitiaka kiraka yake.

Nikaisukuma chini ya kitanda. Watoto wangu nikawaambia Mungu ametukumbuka. Nikawasha moto.

Maman Furaha akashuka, miguu matope. "Dada, haukuona kitu ilianguka huku? Sambaza zangu, marchandise yote ya kuuzisha, imeenda!"

"Majani tu," nikamujibu. Kisha, juu ya huruma, nikamupakulia bugali na sambaza.

Yesu wangu! Alikula. Akaniambia: "Mwenye alianika hizi anajua kazi." Nikasema nilinunua kwa maman mumoja wa Minova. "Zangu pia zilikuwa hivi," akasema, akaramba vidole.

Dimanche, siku ya kusali, ku shirika yetu ya kanisa, alisimama mbele ya wakristu wote akatoa ushuhuda: upepo ilimunyanganya vyote, na mimi nikamupa chakula. Wakapiga makofi. Nikasimama, nikasalimia! Kufika nyumbani, zenye zilibakia nikazimwaga mu choo, maana zilishaanza kunuka. Ile siku ningesema. Sikusema, mupumbavu mie!

Bila marchandise alivumilia wiki mbili. Akafunga mizigo, akarudi kijijini Katana kulima kwa kaka yake. Mbele ya kuenda akaniachia nafasi yake ku soko. "Ukae wewe, dada. Uko na roho muzuri."

Sasa niko nauzisha tomate pale. Wateja wanauliza maman wa sambaza alienda wapi. Nawajibu upepo ilimubeba. Wanacheka, wananunua tomate.

Wakati ingine ananiita ku simu. "Dada, umekula?" Nasema nimekula. Nalia, yeye anafikiri ni réseau, mtandao ya simu inakatakata. Rafiki kama ule sitapata tena, na nilimufukuza mimi mwenyewe, na kijiko mukononi.

Ninyi wenye munasoma, kitu ikianguka kwako, panda uulize jirani, hata kama sufuria iko ku moto. Na kama ulishakula, sema palepale, kabla hajakushukuru. Akishakushukuru, mudomo inafunga.